Nguvu za Ndani: Vitabu vya Taichi Mbele ya Mizani ya Fizikia

Neno kung fu si geni masikioni mwa wakazi wa Dar es Salaam. Tangu miaka ya 1970, filamu za Hong Kong zilipokuwa zikijaza kumbi za sinema za jiji hili, vijana wa Kinondoni, Magomeni, Temeke na Chang'ombe wamekuwa wakiiga mateke na ngumi za Bruce Lee, aliyefariki mwezi wa Julai 1973. Wachina wenyewe pia walikuwa majirani. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kule Ubungo, kilichofunguliwa mwaka 1968, kilijengwa kwa msaada wa China. Na reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975.

Lakini liko tawi moja la sanaa hii ambalo sinema haikulitangaza sana. Nalo ni tawi la mitindo iitwayo "ya ndani", ambayo mashuhuri kati yake ni mitatu: taichi (kwa jina kamili taijiquan), xingyi na bagua. Mitindo hii hufika kwetu zaidi kwa njia ya vitabu: vitabu vya mitumba vinavyouzwa kando ya barabara, nakala zilizopigwa chapa upya, na siku hizi nakala zinazosomwa kwenye simu. Vingi vimeandikwa kwa Kiingereza, navyo vimefasiriwa kutoka Kichina. Hivyo kijana wa Temeke husoma maneno yaliyokwisha kuvuka lugha mbili kabla ya kumfikia: "nguvu za ndani", "pumzi inayozama tumboni", "mwili wenye mizizi ardhini".

Je, maneno hayo yana maana yoyote kwa mwanafunzi wa sayansi? Makala haya yataonyesha kwamba sehemu kubwa ya maneno hayo inaweza kupimwa kwa fizikia ya sekondari. Yataonyesha pia kwamba iko sehemu nyingine isiyostahili kuaminiwa mpaka ipimwe.

Asili ya jina "ndani"

Mwaka 1669 mwanachuoni wa Kichina Huang Zongxi aliandika maneno ya kaburi la bingwa mmoja aitwaye Wang Zhengnan. Humo alitofautisha mapigano ya hekalu la Shaolin, yanayosifika kwa kushambulia, na mapigano "ya ndani", ambayo hushinda mwendo kwa utulivu. Alisema kwamba mwanzilishi wake ni mtawa wa kale aitwaye Zhang Sanfeng. Katika miaka ya 1930 mwanahistoria Tang Hao alikwenda kijiji cha Chenjiagou, mkoa wa Henan, akachunguza kumbukumbu za ukoo wa Chen. Alifikia uamuzi kwamba habari ya mtawa huyo ni hekaya tu, na kwamba taichi ilitokana na Chen Wangting, askari wa karne ya 17. Hapa msomaji ana funzo la kwanza: hata nchini China kwenyewe vitabu hivi vilihojiwa na Wachina kwa njia ya utafiti.

Vitabu vya mazoezi vyenye picha vilienea katika karne ya 20. Sun Lutang, aliyeishi kati ya mwaka 1860 na 1933, alitoa kitabu cha xingyi mwaka 1915, kisha akaandika vya bagua na taichi, akieleza kwamba mitindo hiyo mitatu ina msingi mmoja. Yang Chengfu alitoa vitabu vya taichi mwaka 1931 na 1934. Mwaka 1956 serikali ya China ilitunga mfululizo mfupi wa mikao 24 ili watu wengi waweze kujifunza kwa urahisi, na ndio unaofundishwa zaidi duniani. Mwaka 2020 UNESCO iliiingiza taichi katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Mahali panapoitwa dantian

Karibu kila kitabu cha mitindo ya ndani humwambia mwanafunzi aelekeze fikira zake kwenye dantian, yaani mahali palipo chini ya kitovu kwa kadiri ya vidole vitatu. Huelezwa kwamba hapo ndipo hukusanyika chi, ile nishati ya uhai ya falsafa ya Kichina. Mpasuaji hataona kiungo chochote kiitwacho dantian. Hata hivyo, mahali hapo pana sifa moja ambayo darasa linaweza kuipima.

Chukua ubao imara wenye urefu wa mita 2. Ncha moja uilaze juu ya kigingi, na ncha ya pili juu ya mizani ya kupimia uzito wa watu, ubao uwe sambamba na ardhi. Soma mizani. Kisha mwanafunzi alale chali juu ya ubao, nyayo zake zikiwa juu kabisa ya kigingi, nawe usome mizani tena. Tofauti ya vipimo hivyo viwili izidishwe kwa urefu wa ubao, kisha igawanywe kwa uzito wa mwanafunzi. Jibu ni umbali kutoka nyayoni hadi kitovu cha uzito cha mwili wake.

Tuchukue mfano. Mwanafunzi ana uzito wa kilo 50 na urefu wa mita 1.60. Tofauti ya vipimo ni kilo 22.5. Basi 22.5 × 2 ÷ 50 = mita 0.90. Kitovu chake cha uzito kiko sentimita 90 kutoka nyayoni, yaani kama asilimia 56 ya urefu wake. Kitovu cha tumbo kwa kawaida kiko juu kidogo ya hapo. Kwa hiyo mwalimu anayesema "tuliza fikira chini ya kitovu" anamwelekeza mwanafunzi mahali ambapo uzito wote wa mwili wake unaweza kuhesabiwa kana kwamba umekusanyika. Hili halithibitishi kuwapo kwa chi. Linaonyesha tu kwamba mazoezi ya miaka mingi yaliwafikisha walimu wa kale kwenye jambo la kweli, nao wakalieleza kwa lugha ya zama zao.

Kwa nini mzee hasukumiki

Picha inayopendwa sana katika vitabu hivi ni ya mzee mwembamba anayesukumwa na kijana mwenye nguvu, naye hatikisiki. Maelezo husema kwamba mzee "ameotesha mizizi". Sasa tutumie kanuni ya momenti.

Mtu wa kilo 60 ana uzani wa nyutoni 600 hivi. Akisimama wima, miguu pamoja, kitovu chake cha uzito kiko labda sentimita 15 nyuma ya ncha za vidole vyake vya miguu. Akisukumwa mgongoni kwenye kimo cha mita 1.20, ataanza kuanguka mbele pale kani ya msukumo itakapozidi 600 × 0.15 ÷ 1.20, yaani nyutoni 75. Hiyo ni kani ndogo, sawa na uzani wa kilo saba na nusu.

Sasa apige hatua, mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, na akunje magoti. Kitovu cha uzito kiko sentimita 30 kutoka ukingo wa msingi wake, na kimo cha mahali anaposukumwa kimeshuka hadi mita 1.00. Kani inayohitajika ni 600 × 0.30 ÷ 1.00 = nyutoni 180. Nguvu zake za misuli hazikuongezeka hata kidogo, lakini uthabiti wake umezidi maradufu. Tena akiweza kuuona msukumo mapema, akageuza kiuno ili kani ipite kando ya mwili wake, msukumaji hatapata cha kuegemea, na huenda akaanguka yeye.

Wasukuma mikokoteni wa soko la Tandika wanaijua kanuni hii bila kusoma kitabu cha Kichina: huinama, hupanua hatua, na kusukuma kwa miguu. Mama anayetwanga mahindi naye hatumii mikono mitupu. Mwendo huanza miguuni, hupitia kiunoni, na hufika kwenye mchi mwishoni. Hicho ndicho vitabu vya xingyi hukiita nguvu ya mwili mzima.

Aidha, mizizi hiyo ina mpaka wake. Ikiwa sakafu imemwagika maji na kigawo cha msuguano ni 0.1, miguu itaanza kuteleza kwa msukumo wa nyutoni 60 tu, mikao iwe mizuri namna gani.

Yale ambayo picha haionyeshi

Kitabu kina mishale inayoonyesha njia ya mkono na mguu. Hakionyeshi uzito umekaa mguu gani, wala goti limeelekea wapi wakati mwili ukigeuka. Hapa pana hatari.

Tuseme mtu huyo wa kilo 60 amesimama kwa mguu mmoja, goti limekunjwa, na mstari wa uzani wake unapita sentimita 10 nyuma ya goti. Momenti kwenye goti ni 600 × 0.10, yaani nyutoni-mita 60. Kano ya mbele ya goti hufanya kazi kwa wenzo mfupi sana, wa kadiri ya sentimita 4. Kani katika kano hiyo ni 60 ÷ 0.04 = nyutoni 1,500, au mara mbili na nusu ya uzani wa mwili mzima. Kwa kuwa taichi hufanywa polepole, mzigo huo hudumu kwa sekunde nyingi. Misuli ya paja hupata mazoezi mazuri; lakini goti lililoachwa kupinda kwa ndani huumia.

Kwa sababu hiyo anayejifunza kwa kitabu peke yake na aanze kwa mikao ya juu, ahakikishe goti linafuata uelekeo wa vidole vya mguu, na aache mara asikiapo maumivu ya kiungo. Afadhali zaidi atafute mwalimu. Kitabu ni kumbukumbu ya somo. Hakina macho ya kumwona mwanafunzi.

Ushahidi uliokwisha kupatikana

Wataalamu wa tiba wamezipima faida za taichi kama wanavyopima dawa. Mwaka 1996 watafiti wa Atlanta, Marekani, walitoa matokeo ya uchunguzi wa wazee 200 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Kundi lililofundishwa taichi kwa majuma 15 lilipunguza hatari ya kuanguka mara kwa mara kwa asilimia 47.5. Mwaka 2005 watafiti wa Oregon walichapisha matokeo ya wazee 256, waliogawanywa kwa bahati nasibu. Katika miezi sita ya mazoezi, waliofanya taichi walianguka mara 38, na waliofanya mazoezi ya kunyoosha viungo tu walianguka mara 73. Mwaka 2012 ilionekana kwamba taichi husaidia mizani ya mwili kwa wagonjwa wa Parkinson.

Jambo la kuzingatia ni kwamba faida hizi zilijulikana kwa kuwapo kundi la kulinganisha. Sifa za mwalimu na umri wa mtindo havikuhesabiwa kuwa ushahidi.

Dai lisilopimwa

Baadhi ya vitabu huvuka mpaka huu. Hudai kwamba bingwa anaweza kumwangusha mtu bila kumgusa, au kwamba chi huufanya mwili usidhurike. Mwezi wa Aprili 2017, mjini Chengdu, mwalimu wa taichi Wei Lei alipambana na Xu Xiaodong, mpiganaji wa mapigano mchanganyiko. Pambano lilimalizika kwa kushindwa kwa Wei Lei kabla ya nusu dakika kupita.

Hasara hapo ilikuwa ya sifa tu. Katika historia hasara imekuwa kubwa zaidi. Mwaka 1900 wapiganaji wa Yihetuan nchini China waliamini kwamba mazoezi na matambiko yao yangewakinga na risasi za majeshi ya kigeni. Miaka mitano baadaye, katika vilima vya Wamatumbi, babu zetu waliingia katika Vita vya Maji Maji wakiwa na imani kwamba maji ya Kinjikitile Ngwale yangezigeuza risasi za Wajerumani. Haki ya mapambano hayo haina shaka, na imani hiyo iliwaunganisha watu wa makabila mengi. Lakini risasi haikujali imani.

Dai la kusukuma bila kugusa linaweza kupimwa darasani kwa dakika 20. Mwanafunzi afungwe kitambaa machoni. Sarafu irushwe mara 20. Ikilala upande wa kichwa, anayedai kuwa na nguvu azitume, na ikilala upande wa pili, akae kimya. Kila mara aliyefungwa macho aseme kama amesikia kitu. Kwa kubahatisha tu atapatia kama mara 10. Kupatia mara 15 au zaidi kwa bahati hutokea chini ya mara 3 katika majaribio 100. Basi akifika 15, jaribio lirudiwe mbele ya mashahidi wengine. Asipofika, kitabu kimeongeza chumvi.

Mwalimu anaweza kuligawa darasa katika makundi matatu: la kwanza lipime kitovu cha uzito kwa ubao na mizani, la pili lipime uthabiti wa mikao, na la tatu lifanye jaribio la sarafu. Matokeo yaandikwe ubaoni kama yalivyotoka, yawe yamekipendelea kitabu au yamekipinga.