Tusile Mbegu Yote



Sote twajua tabia ya mbegu ya mkarafuu. Tunda likiwiva na kuanguka, mbegu haina budi kupandwa upesi; ikikauka, imekufa. Hapana awezaye kuiweka mpaka mwakani. Kunde, mbaazi na choroko za mashambani mwetu si hivyo. Hizo zikikaushwa vizuri hukaa, na kwa ajili hiyo wako watu wanaoziwekea akiba.

Mjini Ibadan, Nigeria, kuna taasisi ya utafiti wa kilimo iitwayo IITA, iliyoanzishwa mwaka 1967. Humo zimo sampuli zaidi ya 15,000 za kunde, zilizokusanywa vijijini na masokoni katika nchi nyingi. Kila sampuli ina namba yake na maelezo ya mahali ilipotoka. Mbegu za kugawiwa huwekwa katika baridi ya digrii 5. Za akiba ya miaka mingi huwekwa katika digrii 20 chini ya sifuri. Zikipungua nguvu hupandwa upya. Mtafiti wa nchi nyingine akizihitaji, huomba akapelekewa kidogo.

Faida yake ni nini? Kila mwenye kuweka kunde nyumbani amjua fukusi. Katika miaka ya 1970 wataalamu wa Ibadan walizijaribu sampuli nyingi, wakitafuta kunde itakayomshinda mdudu huyo. Wakaipata moja, namba TVu 2027. Haikutoka kwa mtaalamu. Ni kunde ya kienyeji iliyopatikana Nigeria. Fukusi hutaga mayai juu yake kama kawaida, lakini wengi wa watoto wake hufa ndani ya punje, na wanaosalimika huchelewa kutoka. Kunde hiyo ikachanganywa na nyingine ili kupata mbegu bora. Mkulima aliyeipanda hatumjui, wala yeye hakujua alichokuwa nacho.

Hapo ndipo penye funzo letu. Leo wengi wetu twanunua mbegu dukani, na zile za kale zimebaki kwa bibi mmoja mmoja. Bibi huyo akifariki, na mbegu zake zikapikwa au zikabunguliwa, hapana chumba cha baridi kitakachozirudisha.

Kwa hiyo twawaomba: mwenye mbegu ya kale asiile yote. Aianike mpaka ikauke sawasawa, aitie katika chupa yenye kifuniko cha kubana pamoja na majivu makavu, na aandike jina la mbegu, kijiji na mwaka wa mavuno. Apande kidogo kila msimu, na jirani ampe konzi moja. Kadhalika amjulishe bwana shamba, ili khabari zake ziwafikie watafiti wa Kizimbani.

Wahenga walisema akiba haiozi. Ni kweli, lakini akiba iliyo katika chupa moja ya nyumba moja, fukusi huimaliza.