Kwa furaha au kwa Furaha?

Juma hili nazungumzia herufi kubwa. Waliosikiliza mazungumzo haya redioni walipata tabu kidogo, kwani herufi kubwa haisikiki. Wewe uliyeshika gazeti una nafuu.

Katika shule zetu nyingi somo hili hufundishwa kwa kukariri. Mwalimu huandika ubaoni kwamba herufi kubwa hutumika mwanzoni mwa sentensi na katika majina ya watu, mahali, siku na miezi. Darasa zima huitikia. Kesho yake mtoto anaandika "juma anakaa tanga", naye anakatwa alama. Kanuni anaijua, ila hajaona ina kazi gani.

Napendekeza mwalimu aanze na karatasi iliyoachwa mezani: "Mama, nimekwenda kwa furaha." Mama atashukuru kwamba mwanawe kaondoka akiwa mchangamfu, lakini hatajua kaelekea wapi. Sasa andika: "Mama, nimekwenda kwa Furaha." Hapo mama anajua mlango wa kubisha hodi. Lugha yetu imejaliwa majina ya namna hii: Bahati, Neema, Shida, Tabu. Darasa ligawanywe makundi mawili, moja litunge sentensi na jingine liigize. Aliyefika kwa shida anachechemea. Aliyefika kwa Shida anakaribishwa chai. (Kama darasani yumo mwanafunzi mwenye jina hilo, mwalimu achague jingine.) Neno lenyewe lisiwekwe mwanzoni mwa sentensi, maana huko kila neno huanza kwa herufi kubwa, na msomaji hubaki kutegemea kitenzi: "Baraka amefika" ni mtu, "Baraka imefika" si mtu.

Zoezi la pili ni la kanga. Maneno ya kanga kwa kawaida huchapwa kwa herufi kubwa tupu, sawa na mabango mengi ya maduka. Nadhani hii ni sababu mojawapo ya mtoto wa mjini kuchanganya, kwa kuwa mengi anayoyasoma njiani hayatofautishi. Basi kila mwanafunzi aje na maneno ya kanga ya nyumbani kwao, ayaandike upya daftarini na kuamua herufi ipi ibaki kubwa. Akina mama wenye kanga za mafumbo makali wajihadhari.

Wanafunzi wa madarasa ya juu waelezwe kwamba kanuni hizi ni mapatano tu. Utenzi wa Tambuka, wa mwaka 1728, uliandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo hazina kubwa wala ndogo, na watu walisoma wakaelewana. Wajerumani huanza kila nomino kwa herufi kubwa. Waingereza huikuza "mimi" yao hata katikati ya sentensi. Sisi hatufanyi hivyo. Afrika Kusini huandikwa isiZulu, herufi kubwa ikiwa katikati ya neno. Sisi tunaandika Kiswahili, K kubwa na s ndogo. Mtoto anayefundishwa Kiswahili na Kiingereza asubuhi moja ana haki ya kuelezwa tofauti hizo waziwazi, badala ya kuonekana mzembe.

Mzazi naye anaweza kuendeleza zoezi nyumbani. Simu ya mkononi mara nyingi huweka herufi kubwa yenyewe baada ya nukta, lakini haiwezi kujua kama bahati unayemwandika ni jirani yako. Mpe mtoto aupitie ujumbe kabla hujautuma.