Haki za Mtu Binafsi na Mamlaka ya Serikali katika Katiba ya Ayalandi: Uzito wa Neno

Utangulizi

Wasomi wa Kiswahili wamezoea kuijadili lugha ya sheria kama suala la istilahi: neno gani lifae kwa dhana gani, na nani mwenye idhini ya kulisanifisha. Makala haya yananuia kulitazama suala hilo kwa upande wa raia anayesimama mbele ya serikali yake akiwa hana silaha ila maneno yaliyoandikwa katika katiba. Mfano wetu ni Ayalandi. Nchi hiyo, kama yetu, ilitoka chini ya utawala wa Mwingereza huku lugha yake ikiwa imekaa mahali pa lugha ya wenyeji. Aidha, katiba yake imeandikwa kwa lugha mbili, na matini hizo zinapohitilafiana, ile ya lugha isiyozungumzwa na wengi ndiyo yenye kauli ya mwisho.

Katiba yenyewe huitwa Bunreacht na hÉireann. Neno la kwanza limeundwa kwa bun, yaani msingi, na reacht, yaani sheria. Kiswahili kilipata 'katiba' kutoka mzizi wa Kiarabu unaohusu kuandika. Wao wameiita kwa msingi wa nyumba. Sisi tumeiita kwa wino.

Mlango ulioachwa wazi mwaka wa 1922

Katiba ya mwaka wa 1937 haieleweki vyema bila kuitazama iliyoitangulia. Dola Huru la Ayalandi lilipoundwa mwaka wa 1922 lilijiandikia katiba iliyotaja haki za raia: uhuru wa mtu, usalama wa makazi yake, uhuru wa kusema na wa dhamiri. Hata hivyo, kifungu cha 50 kiliruhusu Bunge kuirekebisha katiba kwa sheria ya kawaida katika miaka minane ya mwanzo. Kabla muda huo haujakwisha, mwaka wa 1929, Bunge lilikitumia kifungu hicho hicho kujiongezea muda ukawa miaka kumi na sita. Kisha mwaka wa 1931 kikaingizwa kifungu kipya, 2A, kilichounda mahakama ya kijeshi yenye uwezo wa kuwahukumu raia, hata adhabu ya kifo.

Jambo hilo lilifika katika Mahakama ya Juu Zaidi na kuamuliwa mwaka wa 1934. Majaji wawili walisema marekebisho hayo ni halali, kwa kuwa maneno ya kifungu cha 50 hayakuweka mpaka. Jaji Mkuu Hugh Kennedy, mmoja wa walioiandika katiba hiyo, alikataa. Alishikilia kwamba kuna sheria ya maumbile iliyo juu ya Bunge, na kwamba idhini ya miaka minane haiwezi kujizaa yenyewe. Hoja yake ilishindwa kwa kura mbili dhidi ya moja. Kwa maoni yetu, mantiki ya lugha ilikuwa upande wa Kennedy katika hoja ya pili: mwenye kuazimwa kitu kwa muda hajiongezei muda mwenyewe.

Katiba mpya, iliyosimamiwa na Éamon de Valera, ilipitishwa na wananchi kwa kura tarehe 1 Julai 1937 na kuanza kutumika tarehe 29 Desemba mwaka huo. Mlango ulifungwa, ingawa si mara moja, kwani Bunge liliachiwa miaka mitatu ya mpito ya kufanya marekebisho. Baada ya hapo hakuna herufi inayobadilishwa bila kura ya maamuzi ya wananchi wote. Serikali hushindwa katika kura hizo. Machi 2024 wapiga kura walikataa mapendekezo mawili, la familia na la utunzaji wa jamaa, ambayo vyama vikubwa vilikuwa vimeyaunga mkono.

'Hasa' iliyozaa haki

Haki za kimsingi zimo katika vifungu vya 40 hadi 44. Kilichozaa mjadala mkubwa ni kifungu cha 40.3, katika aya zake mbili fupi za mwanzo. Ya kwanza inailazimu Dola kuziheshimu na kuzilinda haki za kibinafsi za raia kadiri iwezekanavyo. Ya pili inasema kwamba Dola, hasa, italinda uhai, nafsi, jina jema na mali ya kila raia dhidi ya shambulio lisilo la haki.

Mwaka wa 1960 Bunge lilitunga sheria ya kutia floridi katika maji ya mabomba ili kuimarisha meno ya watoto. Mama mmoja, Gladys Ryan, alimshtaki Mwanasheria Mkuu akidai kwamba serikali haina mamlaka ya kumnywesha yeye na wanawe dawa wasiyoitaka. Katiba haikutaja popote haki ya mwili wa mtu kutoingiliwa. Jaji John Kenny wa Mahakama Kuu aliitoa haki hiyo katika neno 'hasa'. Mtu akisema, 'Wapende ndugu zako, hasa Juma na Amina', hajasema kwamba Juma na Amina ndio ndugu pekee. Kwa hiyo haki nne zilizotajwa ni mifano tu, na zipo nyingine zisizotajwa. Mama huyo alishindwa kesi, kwani ilionekana kwamba floridi kwa kiwango kile haidhuru mwili, na Mahakama ya Juu Zaidi ikaafiki mwaka wa 1964. Lakini haki aliyoidai ilikuwa imekwisha kuzaliwa.

Nyingine zilifuata. Mwaka wa 1973 mahakama iliamua, katika kesi ya Mary McGee, kwamba faragha ya mume na mke ni haki ya kikatiba, hivyo sheria ya mwaka wa 1935 iliyowazuia kuagiza dawa za kupanga uzazi ikabatilika. Wapo waliolalamika kwamba majaji wameshikishwa kalamu ya kuandika katiba wapendavyo, na malalamiko hayo si ya kupuuzwa. Mwaka wa 2020, katika kesi ya wanamazingira dhidi ya serikali, Jaji Mkuu Frank Clarke alipendekeza zisiitwe tena haki zisizotajwa, bali haki zinazotokana, ili kila moja ionyeshe mzizi wake katika katiba yenyewe. Mahakama ilikataa haki ya mazingira bora kwa jinsi ilivyodaiwa, ikiiona haina umbo, ingawa mpango wa serikali kuhusu tabianchi ulibatilishwa kwa kukiuka sheria ya Bunge.

Vita visivyokwisha

Neno moja laweza pia kumnyima mtu haki. Kifungu cha 28.3 kinasema kwamba sheria iliyotungwa kwa ajili ya usalama wa umma wakati wa vita au uasi wa silaha haiwezi kubatilishwa kwa kutumia katiba. Tarehe 2 Septemba 1939, katika ile miaka ya mpito, 'wakati wa vita' ulipanuliwa kimaana ujumuishe vita ambavyo Ayalandi yenyewe haipigani. Hali ya hatari ikatangazwa. Vita vya Pili vya Dunia viliisha mwaka wa 1945. Tangazo halikuondolewa hadi mwaka wa 1976, na siku lilipoondolewa likawekwa jingine kwa sababu ya machafuko ya Ayalandi ya Kaskazini. Hilo nalo lilidumu hadi mwaka wa 1995.

Mwaka huo wa 1976 serikali ilileta mswada wa kuwaruhusu polisi kumzuilia mtu kwa siku saba. Rais Cearbhall Ó Dálaigh, ambaye awali alikuwa Jaji Mkuu na mpenzi mkubwa wa Kiayalandi, aliupeleka Mahakama ya Juu Zaidi kabla ya kuutia sahihi, kama kifungu cha 26 kinavyomruhusu. Mahakama iliupitisha, ila ikasisitiza kwamba aliyezuiliwa hapotezi haki zake nyingine, kama vile kumwona wakili. Waziri wa Ulinzi akamtukana Rais hadharani mbele ya wanajeshi. Waziri hakufutwa kazi. Rais ndiye aliyejiuzulu, tarehe 22 Oktoba 1976, ili kuilinda heshima ya kiti.

Lugha ipi yenye kauli ya mwisho?

Kifungu cha 8 kinakitambua Kiayalandi kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi ya kwanza, na Kiingereza kuwa lugha rasmi ya pili. Kifungu cha 25.5 kinaongeza kwamba matini mbili za katiba zikigongana, ile ya lugha ya taifa ndiyo itakayofuatwa.

Si pambo. Matini ya Kiingereza inasema mgombea wa urais awe ameufikia mwaka wake wa 35, na mtu huuingia mwaka huo siku anapotimiza miaka 34. Matini ya Kiayalandi inadai awe ametimiza miaka 35 kamili, na hiyo ndiyo sheria. Mwaka wa 2015, kabla ya kura iliyoruhusu ndoa za watu wa jinsia moja, rasimu ya Kiayalandi ilisema kwa maana hii: watu wawili, wawe wanaume au wawe wanawake. Msomaji makini ataona kasoro. Kwa tafsiri finyu, mume na mke wangeachwa nje! Ilibidi serikali iiandike upya mwezi wa Machi.

Raia mmoja aliyeshtakiwa kwa kosa la barabarani alitaka kujitetea kwa Kiayalandi, akakuta sheria alizoshtakiwa kwazo zipo kwa Kiingereza tu. Mwaka wa 2001 Mahakama ya Juu Zaidi iliamua kwamba Dola ina wajibu wa kikatiba wa kutoa tafsiri za sheria zake, na kwamba imeupuuza.

Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na katika kifungu cha 7 inakitanguliza mbele ya Kiingereza miongoni mwa lugha rasmi. Raia wa Kenya atakayeleta kesi kama hiyo, akiwa na katiba ya Kiswahili mkononi, atasomewa kifungu cha 259(2): matini zikigongana, ile ya Kiingereza ndiyo itakayofuatwa.