Je, Wajua? Upinde Ukikuharibikia Porini

Je, wajua kwamba upinde wa kapi, ule wa kisasa wenye vigurudumu viwili kwenye ncha, ulizaliwa kutokana na upinde uliokatwa? Holless Wilbur Allen, Mmarekani wa Missouri, alichukua upinde mzima, akaukata ncha zote mbili, akafunga kapi. Aliomba hataza mwaka 1966, akaipata 1969. Kwa hiyo ukimwona mwindaji anauganga upinde wake kwa uzi na gundi, usimcheke: mwenye kuubuni ndivyo alivyoanza!

Sasa uvute. Ni upinde wa kilo 32, mwanzoni utakunja uso, kisha kapi zinageuka na ghafla mkononi umebakiwa na kilo 6 na ushei tu. Asilimia 80 ya mzigo imeyeyuka!

Ila usiuachie bila mshale, tafadhali. Nguvu ile ikikosa cha kurusha inaugeukia upinde wenyewe: mikono yake inapasuka, kapi zinapinda, upote unaruka. Mara moja tu yatosha.

Na wajua kwamba upote wake huuvui kwa mkono? Upinde wa mti unaukunja kwa goti, kazi imekwisha. Huu unataka kibanio maalumu, na zipo aina ndogo za kutia kwenye mkoba. Mikono ya upinde ikishaonyesha ufa, hapo hakuna gundi wala uzi wa kuiokoa. Rudi kambini.

Sogea karibu, maana hili nalipenda kuliko yote. Pale mshale unaposhika upote pana kitanzi cha kamba, kifupi kuliko kidole chako. Kifaa cha kuachilia mshale hung'ata hapo, kwa hiyo kitanzi kikikatika, mawindo yamesimama. Dawa yake? Kamba ya sentimita 11 hivi na kiberiti cha gesi! Unafumua ncha ya kamba mpaka inachanua kama ufagio, unaichoma taratibu, inavimba na kuwa kifundo kigumu. Unafunga upande mmoja, unachoma ncha ya pili, unafunga upande wa pili, kisha unaingiza koleo ndani ya kitanzi na kuitanua kwa nguvu mpaka vifundo viketi. Dakika chache, na kijikamba hicho kinabeba kilo zote 32. Unaamini?

Moto wenyewe uuweke mbali na upote, lakini. Pote nyingi za leo zina uzi wa Dyneema, ambao kwa uzito uleule unakishinda chuma zaidi ya mara 10, na tena unaelea majini. Nyuzi joto 150 tu, shujaa huyo anayeyuka!

Uzi wa kusafishia meno je? Usiutupe. Kwenye upote kuna kijipete chenye kitundu cha kuchungulia shabaha, na kikichomoka wawindaji hukifunga upya kwa uzi huohuo wa meno, ule wenye nta. Unabana, hautelezi.

Bolti nazo hulegea, kwa sababu kila mshale unautikisa upinde mzima. Wajanja hupaka nta ya upote kwenye hesi kabla ya kukaza. Na ule ufunguo wa kukazia, wa umbo la L wenye pembe sita, unaitwa kwa jina la Allen. Yuleyule? Wapi! Huyu ni William G. Allen wa Hartford, Connecticut, aliyepata hataza yake mwaka 1910, zaidi ya nusu karne kabla ya Allen wa upinde.

Haya, nikuulize: kipi kinamfikia mnyama kwanza, mshale au mlio wa upinde? Mshale wa upinde wa kapi unaweza kwenda kilomita 330 kwa saa, lakini sauti inaupita karibu mara nne! Kulungu wa Marekani akiwa mita 27, anasikia mlio na kuinama kabla mshale haujafika. Ndiyo maana kitambaa kidogo cha kupunguza mlio kikibanduka pale mshale unapolala, mwindaji hakawii kukata kipande cha soksi yake na kukigandisha hapo.

Mshale wa nyuzi za kaboni ukigonga jiwe, usiurudishe kwenye podo hivihivi. Ukunje kidogo karibu na sikio, usikilize. Ukilia kama unachanika, uvunje uutupe, maana unaweza kupasuka unapoachiwa na vijiti vyake vikaingia mkononi mwako.

Wadhani haya ni mambo ya leo? Mwaka 1991, mpakani mwa Austria na Italia, watalii waliukuta mwili wa mwindaji aliyekufa miaka 5,300 hivi iliyopita, wanaomwita Ötzi. Podo lake lilikuwa na mishale 14, na iliyokamilika ilikuwa 2 tu, nayo yote miwili imevunjika! Upinde wake haujamalizika, na mzigoni alikuwa na kano za mnyama, vipande vya pembe na kifaa cha kunolea jiwe la gumegume. Karakana nzima mgongoni.

Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, Tanzania, hata karakana hawaihitaji. Mshale ukipinda wanaupasha moto, wanauuma kwa meno, unanyooka.

Bado una nafasi ya moja? Ile selotepu pana ya kijivu ambayo mwindaji hukunja kwenye chupa yake ya maji ndiyo iliyotengeneza bawa la gurudumu la gari la Apollo 17 mwezini, Desemba 1972, pamoja na ramani nne. Na kamba ya parachuti anayofungia mzigo? Mwaka 1997 wanaanga waliitumia kufunga viraka kwenye darubini ya Hubble, huko angani. Wewe nyumbani unayo mita ngapi?