Mheshimiwa, hata salamu tu baada ya kura?

Hebu jiulize, mara ya mwisho mjumbe wako au MCA wako kukueleza kitu ilikuwa lini? Sisemi zile za matanga, anaposhika maikrofoni na marehemu bado anangoja kuzikwa. Nasema kukueleza wewe uliyepiga foleni kutoka saa kumi na moja asubuhi, kwamba kile kiti ulichompa anakifanyia nini.

Nauliza kwa sababu binamu yangu anaishi Minnesota, Marekani, na mwakilishi wake humwandikia barua pepe. Huwa ananitumia nami nisome. Nilidhani ni zile za "Krismasi njema kutoka kwa Mheshimiwa na familia". Wapi! Ndani kuna mswada alioupigia kura, siku ya mkutano na wananchi, na nambari ya simu ya ofisi.

Kabla hujasema "hao ni wazungu, wana pesa", elewa kitu kimoja. Huyo si mbunge wa Washington. Kila jimbo la Marekani lina bunge lake, na Baraza la Wawakilishi la Minnesota lina watu 134. Ukigawanya wakaazi wa jimbo, kila mmoja anawakilisha kama watu 42,000. Sisi tuna wodi 1,450, kila moja na watu kama 33,000. Kwa hivyo wa kumlinganisha naye ni MCA wako. Yule yule wa kokoto na taa za mulika mwizi.

Sasa cheki walichokuwa nacho cha kueleza baada ya uchaguzi wa Novemba 2024. Matokeo yalikuwa 67 kwa 67, Republican na DFL, ambao ndio Democrats wa huko. Sare kavu. Halafu mshindi mmoja wa DFL akapelekwa kortini, jaji akapata kwamba hakuwa anaishi katika eneo aliloshinda. Kiti kikaenda. (Hapa kwetu tukianza kuuliza nani analala kwenye wodi yake, mabunge mangapi yatabaki na watu?)

Republican wakabaki 67 dhidi ya 66, wakataka kumchagua Spika haraka. Wa DFL wakakataa kuingia ukumbini kuanzia Januari 14, 2025, ili akidi isitimie. Republican wakaendelea na kikao na kumchagua Spika hivyo hivyo. Januari 24 Mahakama ya Juu ya jimbo ikasema akidi ni watu 68, mchezo umekwisha. Mapema Februari pande zote zikaelewana, Lisa Demuth wa Republican akawa Spika na wengine wakarudi kazini. Machi 11 kukawa na uchaguzi mdogo, DFL wakakirudisha kile kiti, na hesabu ikarudi pale pale, 67 kwa 67.

Kati ya waliogoma alikuwa Huldah Momanyi-Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, ndiyo mara yake ya kwanza kuchaguliwa. Fikiria ndiye wewe. Umeomba watu kura, ukapata, na jambo la kwanza kuwaeleza ni kwa nini umekaa karibu mwezi mzima nje ya ukumbi.

Sitakudanganya kwamba barua hizi ni za malaika. Kila upande unasema mwenzake ndiye mbaya, na binamu yangu nyingi huzifuta bila kusoma. Lakini wanaandika, na sababu si roho safi. Viti vyote 134 vinarudi kwa wananchi kila baada ya miaka miwili. Na katika uchaguzi huo huo, kiti cha Shakopee kiliamuliwa kwa kura 14. Kura 14, msee! Hao ni abiria wa Nissan moja. Ukijua Nissan moja inaweza kukurudisha nyumbani, utaandika barua.

Huku tunawapa miaka mitano, wengine wanaingia na wimbi la chama tu, suti moja juu mpaka chini. Wimbi haliandikiwi barua.

Mimi hii kitu inaniuma kwa sababu yangu. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni nilipojaza fomu ya basari. Chifu akagonga muhuri, nikatoa kopi za vitambulisho vya wazazi, nikapeleka ofisini na kuambiwa "tutakupigia". Nilirudi mara tatu. Mara ya tatu yule karani hata hakuinua kichwa, akasema orodha ilishatoka. Nikauliza imebandikwa wapi. Akasema mheshimiwa ndiye anajua. Muhula ukaisha, karo haikulipwa, nikarudi mtaani na ndivyo nilivyoanza kublogu. Sijui kama nilikataliwa au fomu ilipotea. Ningeambiwa "hapana" mapema, ningetafuta njia nyingine.

Na usiniambie vijana hatufuatilii. Juni 2024 tuliwasalimia wabunge kwa simu mpaka wengine wakazima. Mswada wa Fedha ulipopita tarehe 25, 195 kwa 106, tulijua nani alisema ndiyo na nani alisema la, majina yakazunguka kila grupu la WhatsApp. Lakini bunge la kaunti je? Unajua MCA wako alipigaje kura kwenye bajeti ya mwaka huu? Mimi sijui, na naandika makala kuhusu hiyo maneno.

Basi Jumatatu nikatafuta nambari ya MCA wangu. Nilimwandikia hivi: "Shikamoo mheshimiwa. Mimi ni mkaazi wa wodi yako. Naomba kujua orodha ya basari ya kaunti ya mwaka huu imebandikwa wapi, na mkutano wa wananchi ni lini. Asante." Sikuweka matusi, sikuomba pesa ya soda.

Tiki mbili za buluu zilitokea baada ya dakika nne. Leo ni Alhamisi. Jana aliweka picha kwenye status, yuko matangani, ameshika maikrofoni.