Land Rover au Land Cruiser: Lipi litamfaa mfanyabiashara wa Kibiti?

Msimu wa ufuta na korosho unapokwisha, si ajabu kumkuta mkulima wa Bungu au mchuuzi wa samaki wa Nyamisati akiulizia bei ya gari lililotumika. Wenye njia nzuri hutaja Canter au Noah. Wenye njia mbaya huishia kubishana juu ya magari mawili tu: Land Rover 110, na Land Cruiser lile ngumu ambalo hapa nchini tumelizoea kwa jina la mkonga. Ubishi wenyewe ni wa siku nyingi na una ushabiki kama wa Simba na Yanga. Lakini kwa mtu anayeweka mtaji wa msimu mzima kwenye gari moja, ushabiki unaweza kumrudisha kwenye jembe la mkono.

Kwanza ajiulize gari litafanya kazi wapi. Tangu Daraja la Mkapa lenye urefu wa mita 970 lilipofunguliwa mwaka 2003, wasafiri wa kusini hawasubiri tena kivuko pale Ndundu, na kutoka Kibiti hadi Dar es Salaam ni lami. Anayepakia mihogo na nazi kando ya barabara kuu hana sababu ya kununua lolote kati ya haya mawili. Canter itabeba zaidi kwa mafuta yale yale. Hata korosho, tangu uingie utaratibu wa stakabadhi ghalani, mkulima anaifikisha kwenye chama chake cha msingi tu, na safari ndefu ni ya malori.

Kazi ya magari haya ni kule nje ya lami: mchanga wa upande wa pwani, njia za kuelekea Mloka, na mfinyanzi wa bondeni ambao mvua moja tu huugeuza utelezi. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliyoikumba Muhoro na vijiji vingine vya Rufiji na Kibiti yalionyesha jinsi njia inavyoweza kupotea kwa siku chache. Gari lenyewe halifiki Mbwera wala Kiongoroni. Huko ni boti. Lakini kamba wakishashushwa bandarini na barafu imeanza kuyeyuka, kinachoamua kama kuna faida ni kama gari litatoka kwenye tope kabla ya jioni.

Land Rover, gari la Uingereza, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1948 huko Amsterdam, Uholanzi. Baada ya vita chuma kilikuwa cha mgao, ndiyo maana bodi yake ilitengenezwa kwa aluminiamu. One Ten ilitoka mwaka 1983, ikaitwa Defender kuanzia 1990, na utengenezaji wa gari hilo la zamani ukakoma Januari 2016. Land Cruiser ya aina ya 70 ilianza mwaka 1984, na Toyota bado wanaitengeneza. Tofauti hiyo peke yake inamhusu sana mnunuzi, kwani vipuri vya Land Cruiser vinaendelea kutoka kiwandani kwa gari linalouzwa hadi leo. Vya Land Rover bado vipo tele, ila vingi ni vya kuiga na ubora wake unapishana mno.

Injini ndiyo inayogawa mashabiki. Land Cruiser nyingi tunazoziona zina injini ya 1HZ, silinda sita, sentimita za ujazo 4,164, isiyo na turbo. Haina haraka, lakini haina mambo mengi ya kuharibika. Land Rover inayotafutwa zaidi ni ya 300Tdi, silinda nne, sentimita za ujazo 2,495, yenye turbo. Ni ndogo na inakula kidogo. Kwa makadirio ya gari zima lisilozidishiwa mzigo, Land Rover huenda kilomita 9 hadi 10 kwa lita moja ya dizeli, wakati Land Cruiser huishia 7 hadi 8.

Tuweke hesabu hiyo kwenye safari ya kwenda na kurudi ya kilomita 280, yaani kama Kibiti hadi Dar es Salaam. Land Rover kwa kilomita 10 itatumia lita 28; Land Cruiser kwa kilomita 8 itatumia lita 35. Ni lita 7 kila safari. Anayekwenda mara mbili kwa wiki atakuwa ametumia zaidi ya lita 700 za ziada kwa mwaka. Zidisha kwa bei ya dizeli ambayo EWURA hutangaza kila mwezi, uone kama ni hela ya kupuuza.

Hata hivyo, akiba hiyo inaweza kumezwa na matengenezo ya siku moja. Silinda hedi ya 300Tdi ni ya aluminiamu, na gari likichemka hupinda upesi. Dereva asiyeangalia maji kila asubuhi hafai kukabidhiwa Land Rover. Ile ya Td5, iliyoanza mwaka 1998, inaongozwa na kompyuta. Ikigoma, fundi wa kawaida mwenye spana hana la kufanya bila mashine ya kupimia. Kwa mtu wa Kibiti ningemshauri aiache.

Injini zote mbili, 1HZ na 300Tdi, zina mkanda wa taimingi, na ukikatika valvu na pistoni hugongana. Usiamini maneno ya muuzaji kwamba umebadilishwa juzi. Weka bei ya mkanda mpya kwenye hesabu ya kununua.

Kwenye tope kila moja ina tabia yake. Land Rover huendesha magurudumu yote manne wakati wote, ila dereva lazima afunge difu ya kati kabla ya kuingia kwenye utelezi, vinginevyo gurudumu moja litazunguka bure na gari lisimame. Kwa Land Cruiser, habu za mbele nyingi hufungwa kwa mkono, kwa hiyo dereva aliyejisahau atashuka na kukanyaga tope. Pua ya Land Cruiser ni nzito kwa sababu ya injini, na kwenye mfinyanzi huzama haraka. Kwa upande wa mzigo mambo hugeuka. Springi zake za nyuma ni za vyuma bapa vilivyopangwa, na kimoja kikivunjika hubadilishwa peke yake kwa bei ndogo. Land Rover 110 ina koili kote; mwendo ni laini, lakini koili ikivunjika ni ya kununua nzima.

Halafu kuna chumvi. Hapa watu hudanganyika kwamba Land Rover haili kutu. Bodi yake hailiwi kama bati la chuma, lakini chasisi yake ni chuma, na pale aluminiamu inapogusana na chuma kwenye unyevu wa chumvi, huliwa na kuwa unga mweupe. Ikibonyea, mchomeleaji wa kawaida hawezi kuiunga, ingawa vipande vingi vimefungwa kwa bolti na unaweza kubadilisha kimoja. Land Cruiser huoza wazi wazi, mlangoni na chini ya sakafu, na fundi yeyote mwenye mashine ya kuchomelea ataikarabati.

Kwa maoni yangu, mwenye uwezo na anuani ya wateja wa kudumu achukue Land Cruiser ya pikapu. Akitaka kuiuza baada ya miaka mitano, hatakosa mteja. Mwenye mtaji mdogo, anayeendesha mwenyewe na aliye karibu na fundi anayeijua Land Rover, atapata 110 kwa bei ya chini sana na itamlipa. Wapenzi wake si haba. Tamasha la Arusha la Oktoba 2024 lilikusanya mamia ya magari hayo. Lakini wengi waliokwenda pale hawakuwa na kamba wanaooza nyuma.

Magari mengi ya aina hizi hupatikana kwenye minada ya serikali, mashirika na miradi, yakiwa bado na namba za STK, SU au DFP. Kabla ya kupandisha bei, hakikisha kadi ipo na uhamisho wa umiliki utakamilika TRA. Kisha nenda na nyundo ndogo, lala chini ya gari na gonga chasisi kuanzia nyuma, hasa pale iliposhikilia springi na tangi la mafuta. Rangi nyeusi mpya iliyopakwa juzi ni ya kukwanguliwa kwanza. Nyundo ikitoboa, mwachie mwingine.