Mnada wa Saa za Kompyuta

Mkulima wa kokoa wa huku Kyela, aliyezoea kuupeleka mzigo wake katika ghala la chama cha msingi ukapimwa, akapewa stakabadhi, kisha akangoja siku ya mnada wanunuzi washindane kwa bei, hatastaajabu akiambiwa kwamba nguvu za kompyuta nazo hunadiwa. Litakalomshangaza ni tabia ya bidhaa yenyewe, kwani kokoa iliyokauka vyema hustahimili kungoja bei nzuri, ilhali saa ya kompyuta isiyotumiwa hufa pale pale, wala hakuna ghala duniani la kuiweka.

Jambo hili alilishughulikia mapema mwanasayansi wa kompyuta Ivan Sutherland, ambaye mwaka 1968 alichapisha makala fupi juu ya utaratibu wa Chuo Kikuu cha Harvard, ambako watu wengi waligombea kompyuta moja, PDP-1. Kila mmoja aligawiwa fedha za bandia, zilizoitwa yen, kwa kadiri ya uzito wa kazi yake, naye akaandika katika ratiba saa aitakayo na kiasi atoacho. Akija mwenye kiasi kikubwa zaidi, wa kwanza huondoka. Hekima ya mpango huo, kwa maoni yangu, imo katika sharti moja: saa ikisha kutumiwa, yen zile humrudia mwenyewe, asiweze kuzirundika wala kumpa mwingine, basi ubakhili haukumfaidi mtu, na mwenye yen chache aliweza kufanya kazi tele katika saa za usiku ambazo wakubwa hawakuzitaka.

Mwezi wa Desemba 2009 kampuni ya Amazon ikaanza kuuza kwa fedha halisi mabaki ya nguvu za mitambo yake, kwa bei iliyopanda na kushuka kufuata haja, na kwa sharti kwamba mnunuzi aweza kunyang'anywa mashine wakati wowote. Tangu 2015 hupewa ilani ya dakika mbili. Idhini ya forodha ya lori lililosimama hapa mpakani Njisi haifai kabisa kutegemea mashine ya namna hiyo, bali hesabu za mvua za Ziwa Nyasa, zigawanyikazo vipande na kuhifadhiwa hatua kwa hatua, zaifaa sana.

Shida kubwa ya kutumia mashine za wengine, walakini, ni uaminifu, maana jibu la uongo halionekani kwa macho. Mradi wa SETI@home, uliotafuta dalili za viumbe wenye akili nje ya dunia na ulioanza 1999 kwa kompyuta za watu waliojitolea bila ujira, ulipeleka kazi ile ile kwa mashine zaidi ya moja na kulinganisha majibu, yaani ulikubali kupoteza sehemu ya nguvu ili upate yakini.

Vyuo vyetu vikuu vyaweza kushirikiana katika kutumia mitambo kwa njia ya mnada, nami ningependelea vianze na yen za bandia kama za Harvard, shilingi zikingoja mpaka ijulikane saa ya mtambo wa Morogoro ni sawa na saa ngapi za mtambo wa Dar es Salaam.